MALI BILA DAFTARI: NAMNA YA KUANDIKISHA HATAZA IUZWAPO

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wengi wetu huidhani methali hii kuwa ni ya wenye maduka tu. Katika makala haya nataka kuonyesha kuwa yawahusu pia wavumbuzi, na watu wanunuao uvumbuzi wao. Mtu aweza kulipa fedha kamili, akapewa hati yenye sahihi, na bado akaikosa mali aliyoinunua kwa sababu moja tu: hakuipeleka hati ile ikaandikwe daftarini. Mfano wangu nautoa Marekani, kwa kuwa huko daftari la namna hii ni la siku nyingi, na historia yake ina mafunzo mengi.

Hataza ni nini?

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyevumbua kitu kipya chenye manufaa, kama vile mashine, dawa, au njia mpya ya kutengeneza kitu. Kwa haki hiyo aweza kuwazuia wengine wasikitengeneze, wasikitumie wala wasikiuze kitu hicho bila ruhusa yake. Haki hii haidumu milele. Marekani, kama ilivyo katika nchi nyingi, kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipopelekwa. Naye mvumbuzi hana budi kueleza uvumbuzi wake waziwazi, ili watu wausome, na muda ukiisha wautumie bure.

Sheria ya Marekani yasema kuwa hataza huhesabiwa kama mali. Yaweza kuuzwa, kutolewa zawadi, kurithiwa, hata kuwekwa rehani. Lakini ni mali ya namna ya peke yake. Ukinunua ng'ombe, utamfunga kamba na kumpeleka zizini kwako, na kijiji kizima kitajua kuwa sasa ni wako. Ukinunua shamba, utalilima, na majirani watakuona. Hataza haifungwi kamba wala hailimwi. Aliyeiuza jana, leo bado anayo ile karatasi ya kwanza yenye jina lake. Akitokea mnunuzi wa pili, atajuaje kuwa mali imekwisha kuhama? Hana njia ila kutazama daftari la Ofisi ya Hataza.

Kanuni tatu

Kanuni ya kwanza ni maandishi. Hataza haihami kwa maneno ya mdomo, hata wakiwapo mashahidi kumi. Lazima iandikwe hati ya kuhamisha, na yule anayetoa mali atie sahihi.

Kanuni ya pili ni kuandikisha. Hati hupelekwa Ofisi ya Hataza, nayo huingizwa katika daftari lililo wazi kwa watu wote. Siku hizi hati nyingi hupelekwa kwa kompyuta, na mtu aliye popote duniani aweza kuzitafuta kwa intaneti habari za hati zilizoandikishwa tangu Agosti 1980. Kila hati hupewa namba mbili, moja ya utepe na moja ya picha, kwa kuwa zamani kurasa zilipigwa picha ndogo ndogo katika utepe wa filamu.

Kanuni ya tatu ni muda, nayo ndiyo yenye kuhitaji kufikiriwa. Sheria yasema kuwa hati haina nguvu mbele ya mtu aliyenunua baadaye, au aliyepokea hataza kama rehani baadaye, kwa thamani na bila kujua habari za hati ile ya kwanza, isipokuwa hati hiyo imeandikishwa katika miezi 3 tangu tarehe yake, au kabla ya siku ya mauzo ya pili.

Maneno haya ni mazito, basi tuyapime kwa mfano. Mwuzaji amemwuzia Mnunuzi wa Kwanza hataza tarehe 1 Machi. Kisha, kwa tamaa, akamwuzia tena Mnunuzi wa Pili hataza ile ile tarehe 1 Mei. Nani mwenye mali?

(a) Wa Kwanza akiandikisha tarehe 20 Mei, yeye ndiye mwenye mali. Yu ndani ya miezi yake 3, ingawa aliandikisha baada ya mauzo ya pili.

(b) Wa Kwanza akichelewa hata tarehe 10 Julai, hataza ni ya Wa Pili, maadamu Wa Pili alilipa na hakuwa na habari ya mauzo ya kwanza.

(c) Wa Kwanza akiandikisha tarehe 10 Julai, na Wa Pili akanunua tarehe 1 Agosti badala ya 1 Mei, Wa Kwanza hushinda. Alichelewa, lakini daftari lilikwisha kusema kabla Wa Pili hajatoa fedha zake.

(d) Wa Pili akiwa alijua habari za mauzo ya kwanza, au akiwa alipewa hataza kama zawadi tu, Wa Kwanza hushinda hata kama hakuandikisha kabisa. Sheria yamlinda aliyetoa thamani kwa moyo safi, haimlindi mjanja.

Tazameni tena jawabu la (a). Tarehe 1 Mei Wa Pili angeweza kufungua daftari na asione kitu, na bado akashindwa. Kwa hiyo mnunuzi mwenye hekima hatosheki na kutazama daftari mara moja. Huuliza, huandikisha hati yake siku ile ile, na ikiwezekana huzuia sehemu ya fedha mpaka miezi 3 ya mtu mwingine yeyote ipite. Aliyeshindwa aweza kumshitaki mwuzaji ili arudishiwe fedha. Lakini mwuzaji wa namna hiyo mara nyingi huwa amekwisha kuzitumia.

Daftari lilipoungua

Sheria ya Marekani ya tarehe 4 Julai 1836 iliagiza kuwa hati za kuhamisha hataza ziandikishwe katika miezi 3, na mwandikishaji alipe dola 3. Kabla mwaka ule haujaisha, tarehe 15 Desemba 1836, moto uliiteketeza Ofisi ya Hataza mjini Washington. Hataza zipatazo 10,000 zilizokwisha kutolewa zilipotea pamoja na michoro na mifano ya mashine, na madaftari ya hati za kuhamisha nayo yakaungua.

Fikirini shida iliyokuwapo. Mtu amenunua hataza miaka mitano nyuma na kuandikisha ipasavyo, na sasa daftari ni majivu. Bunge la Marekani halikukawia. Kwa sheria ya tarehe 3 Machi 1837 liliwaita wote waliokuwa na hataza au hati za kuhamisha wazilete ziandikwe upya bila malipo. Liliongeza kuwa baada ya tarehe 1 Juni 1837 hataza ya zamani, au hati yake ya kuhamisha, haitapokewa mahakamani kuwa ushahidi mpaka iwe imeandikwa upya. Kati ya hataza zile zilizopotea, ni kiasi cha 2,800 tu zilizopatikana tena.

Katika habari hii mna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, daftari la serikali halimwondolei mtu wajibu wa kutunza nakala yake nyumbani. La pili, nchi iliyopoteza daftari haikusema, "Basi, tuishi bila daftari." Ilianza tena ukurasa wa kwanza. Na mwaka 1839 ile ada ya dola 3 ikafutwa, hata kuandikisha kukawa bure.

Kesi ya sefu isiyoungua

Kesi moja maarufu juu ya jambo hili ilihusu, kwa bahati, kitu cha kulinda karatasi zisiungue. Mtu mmoja aitwaye Daniel Fitzgerald alivumbua sefu yenye makasha mawili ya chuma, moja ndani ya jingine, na katikati akajaza jasi ili joto la moto lisipenye. Tarehe 11 Aprili 1839, kabla hajapata hataza, alimhamishia Enos Wilder haki yake yote kwa hati, nayo hati ikaandikishwa Ofisi ya Hataza. Baadaye Enos Wilder naye akamhamishia Benjamin Wilder. Hataza yenyewe ilitoka tarehe 1 Juni 1843, ikatolewa kwa jina la Fitzgerald.

Benjamin Wilder akawashitaki Gayler na Brown wa New York kwa kutengeneza na kuuza sefu za namna ile bila ruhusa. Wao wakajitetea: hataza ina jina la Fitzgerald, nawe Wilder huna neno. Alichokuuzia kilikuwa hakijazaliwa.

Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na hukumu ikatolewa mwaka 1850. Jaji Mkuu Roger Taney aliwaza hivi: mvumbuzi ana haki changa tangu siku anapokamilisha uvumbuzi wake, nayo hukomaa hataza itolewapo. Hati ya 1839 ilikusudia kuhamisha vyote viwili, haki ile changa na hataza itakayokuja, nayo ilikuwa imekwisha kuandikishwa. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuandika hati nyingine, na hataza ilikuwa ya Wilder ingawa ilitoka kwa jina la mwingine. Wilder akashinda.

Katika kesi ile ile lilizuka swali jingine. Wilder alikuwa amempa Silas Herring ruhusa ya kutengeneza na kuuza sefu zile katika New York, kwa malipo ya senti moja kwa kila ratili ya uzito wa sefu. Je, kwa kufanya hivyo Wilder hakumhamishia Herring mali, hata akapoteza haki ya kushitaki? Mahakama ilisema la. Wilder alikuwa amejiwekea sehemu ya haki katika jimbo lile, basi aliyopewa Herring ilikuwa leseni tu. Kupanga nyumba si kununua nyumba. Yafaa kila atiaye sahihi ajue ni lipi kati ya hayo mawili analolifanya.

Jambo ambalo daftari halifanyi

Wengine hudhani kuwa hati ikishapokewa ofisini, basi serikali imethibitisha kuwa ni ya haki. Sivyo. Ofisi ya Hataza ya Marekani huandika iliyoletewa. Haiamui kama hati ile ni halali, wala kama mwuzaji alikuwa na kitu cha kuuza. Hiyo ni kazi ya mahakama. Daftari ni kama mbiu ya mgambo: huwatangazia watu wote, lakini halimgeuzi mwongo kuwa mkweli. Mwizi akiandikisha hati ya uongo, bado ni mwizi. Kwa hiyo msomaji wa daftari hufuata mnyororo wote, tangu mvumbuzi mpaka mwenye mali wa leo, naye akiona pete moja imekatika, husimama na kuuliza.

Mambo haya yatuhusu nini?

Huenda mzazi mmoja atasema, "Mwanangu, hayo ni ya Wamarekani na sefu zao." Lakini hapa kwetu pia tuna sheria ya hataza, ya mwaka 1987, na kwa Tanzania Bara daftari lake liko BRELA. Kabla ya sheria hiyo, mtu aliandikisha hapa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza; sasa mvumbuzi wetu aweza kuomba hapa hapa nyumbani, au kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika lililoko Harare. Nasi pia hataza yaweza kuuzwa, nasi pia mauzo huandikwa na kuandikishwa.

Kila mmoja wetu amemwona fundi aliyebuni kitu kwa akili yake: jiko lenye kula kuni chache, mashine ya kupukuchua mahindi, au pampu ya kumwagilia bustani. Mara nyingi fundi huyo hana fedha za kutengeneza vitu vingi, naye mwenye fedha hana akili ile. Wawili hawa wanahitajiana. Lakini mwenye fedha hatatoa fedha zake ikiwa haoni usalama, na fundi naye hupoteza jasho lake akitia sahihi asichokisoma. Hati iliyo wazi na daftari lililo wazi huwafanya wageni wawili waweze kuaminiana.

Basi, wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mpendao maabara na karakana, yashikeni haya manne. Mwandike mapatano yenu. Msome kama ni kuuza au ni leseni. Mwandikishe mapema, msingoje siku ya mwisho. Na nakala yenu mwiweke mahali ambapo moto, mchwa na mvua havifiki. Wako watakaosema kuwa daftari ni jambo la makarani. Na waseme, siku ya ugomvi, karani ndiye atakayeulizwa kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne