Kabla ya Kupanda, Aga: Kanuni za Safari na Kambi katika Mlima Elgon

Ndugu wananchi wa mpakani, somo letu la toleo hili lahusu mlima ambao Uganda na Kenya zinaugawana. Kila nchi imeitenga sehemu yake kuwa hifadhi ya taifa: Kenya mwaka 1968, na Uganda mwaka 1993. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Wengi miongoni mwetu tumezaliwa miguuni pa mlima huu, nasi hudhani kwamba tunaujua. Lakini kuijua migomba na mibuni ya chini si kuijua nyika iliyo juu ya msitu. Ndiyo maana kanuni hizi zawahusu wageni, na zawahusu pia vijana wetu wanaowabebea mizigo.

Kanuni ya kwanza: Aga, ujiandikishe. Tuchukue mfano. Vijana watatu wanaondoka kijijini alfajiri, wanalikwepa lango la hifadhi na kupanda kwa njia ya mkato. Saa tisa alasiri ukungu unashuka, na mmoja wao anateguka kifundo cha mguu. Huko nyumbani mama zao wanadhani vijana wamelala kwa shangazi. Siku ya tatu ndipo taarifa inapofika kituoni. Askari wanauliza: waliingilia wapi? Hakuna anayejua.

Kwa hiyo pitia langoni, lipa ada, uandike jina lako, na uongozane na kiongozi anayetambuliwa na hifadhi. Nyumbani acha karatasi yenye mambo manne: majina ya wasafiri, njia mtakayoifuata, kambi ya kila usiku, na siku na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, mwenye karatasi asingoje kesho. Apige simu 999 au 112, namba ambazo hutumika katika nchi zote mbili. Wapo wanaochelewa kutoa taarifa kwa kuogopa kwamba ndugu yao aliingia bila kibali. Twawasihi wasisite: jambo la kwanza ni uhai.

Kanuni ya pili: Iheshimu baridi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Karibu na kilele maji huweza kuganda usiku. Chukua koti la mvua, sweta la sufu, soksi za akiba na mfuko mzito wa kulalia, na uvifunge vyote katika mfuko wa plastiki visilowe. Mwenzako akianza kutetemeka sana, kuongea kwa kukokota maneno na kujikwaa ovyo, msimame hapo hapo. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na akiwa na fahamu mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Msimpe waragi: pombe humfanya mtu ajihisi ana joto, hali mwili wake unazidi kupoa. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, dawa iliyo bora ni kushuka, hata ikiwa kilele kinaonekana.

Kanuni ya tatu: Moto uwe mdogo, au usiwepo. Vichaka na nyasi za juu hushika moto upesi wakati wa kiangazi, na huchukua miaka mingi kuota tena. Pikia jiko la gesi au la mafuta. Penye ruhusa ya kuwasha kuni, washa mahali pa kambi tu. Kabla ya kuondoka mwaga maji, koroga majivu, kisha yaguse kwa mgongo wa mkono. Yakiwa bado na joto, moto haujazimika.

Kanuni ya nne: Yatunze maji. Mto Suam huanzia ndani ya kasoko ya mlima, hupita mpakani, kisha huitwa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Uchafu unaotupwa juu hunywewa na mtu wa chini asiyemjua aliyeutupa. Chimba shimo la haja lenye kina cha shibiri moja, hatua 70 au zaidi kutoka kwenye maji, ulifukie vizuri. Taka nyingine zote, hata maganda na vichungi vya sigara, zirudi nawe.

Kanuni ya tano: Wanyama na mapango. Tembo huingia katika pango la Kitum, upande wa Kenya, na kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Ukikuta kinyesi kibichi mlangoni, ondoka. Tena, watu wawili waliolitembelea pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walifariki kwa homa ya Marburg, ambayo virusi vyake hubebwa na popo. Usilale pangoni mwenye popo, wala usiguse kinyesi chao.

Kanuni ya sita: Mpaka upo, ijapokuwa hauna ukuta. Anayetaka kupandia nchi moja na kushukia nyingine apange mapema na hifadhi zote mbili na ofisi za uhamiaji, naye achukue hati zake za kusafiria.

Na ukipotea? Tulia mahali pamoja, vaa nguo zote ulizo nazo, piga filimbi mara tatu tatu, na ungoje. Ukiwa uliaga, yuko anayekuja.

Maswali ya kujadili barazani:
1. Kijijini petu, ni nani apaswaye kuachiwa karatasi ya msafiri?
2. Ni jambo gani huwafanya watu wachelewe kutoa taarifa, nasi polisi tubadilishe nini?
3. Wazee wetu walikuwa na desturi gani za kuaga kabla ya kuingia msituni?