KUKINGA NYAYA ZA INJINI NA JOTO LA BOMBA LA MOSHI

Somo kwa wakulima wa Kibiti, Ikwiriri na Delta ya Rufiji

Mkulima wa bonde la Rufiji ajua kwamba mavuno hayahesabiwi shambani, bali huhesabiwa yafikapo ghalani. Mpunga wa Delta na korosho za Kibiti na Bungu husafiri kwa pikapu, au kwa pawatila yenye tela. Na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari huvuka mto Rufiji pasipo kungoja kivuko. Basi injini imekuwa chombo cha kilimo kama jembe, nayo yataka kutunzwa. Somo hili ni juu ya jambo dogo liwezalo kumpotezea mtu mzigo na gari pamoja, nalo ni waya uliopita karibu mno na bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi.

1. SABABU YA MADHARA

Waya wa shaba huvikwa ngozi ya plastiki ili umeme usitoke njiani. Plastiki ya kawaida ya nyaya za gari huvumilia joto la digrii 80 hadi 105 tu. Maji huchemka kwa digrii 100. Lakini bomba la moshi, pale litokapo katika injini, hupita digrii 300, na injini ikivuta mzigo mzito katika tope laweza kupita digrii 500. Plastiki haina nguvu ya kushindana na joto hilo.

Joto hufika kwenye waya kwa njia tatu, na kila apikaye azijua. Mwiko wa chuma ukiachwa sufuriani huunguza mkono, kwa sababu joto limetambaa ndani ya chuma. Akaaye kando ya mafiga huchomwa uso ingawa hakugusa moto, kwa sababu joto limeruka. Samaki walio juu ya uchanja hukauka ingawa moto uko chini, kwa sababu hewa ya moto imepanda. Vivyo hivyo waya huweza kuharibika kwa kugusa bomba, kwa kukaa karibu nalo, au kwa kupita juu yake.

Waya haufi siku moja. Kwanza ngozi yake hulainika, kisha hukakamaa, kisha hupasuka. Shaba tupu ikigusa mwili wa gari, umeme mwingi wa betri hupita hapo kwa mara moja, waya huwa mwekundu, na majani makavu au mafuta yaliyomwagika huwaka.

2. DALILI ZA KUTAZAMA

Fungua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, utazame haya:
(a) Waya uliokakamaa, uliopasuka, au uliobadilika rangi.
(b) Masizi meusi penye maungio ya bomba. Hayo yaonyesha kwamba moshi wa moto wavuja, nao waweza kuvuma juu ya nyaya.
(c) Taa zinazofifia au kuzimika gari likitikisika.
(d) Fyuzi inayoungua mara kwa mara.
(e) Mabua ya mpunga na tope kavu vilivyoshikamana na bomba, hasa katika pawatila.
(f) Kutu ya kijani kwenye shaba. Maji ya chumvi huileta, na kiungo chenye kutu hupata moto kwa ndani.

Harufu ya plastiki inayoungua si jambo la kungoja mpaka mjini. Simama upesi ukatazame.

3. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, toa waya wa hasi wa betri kabla ya ule wa chanya. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa mwili wa gari itatoa cheche.

Pili, sogeza waya mbali. Umbali ndio kinga ya kwanza, nao hauna bei. Shibiri moja kutoka kwenye bomba ni kipimo chema. Kama yawezekana, pitisha waya chini au kando ya bomba, wala si juu yake.

Tatu, funga waya usicheze. Waya uliosogezwa bila kufungwa utarudi ulikotoka kwa mtikisiko wa njia. Karibu na injini tumia vibano vya chuma vyenye mpira ndani. Vifungo vya plastiki huyeyuka, na chuma kitupu hukata ngozi ya waya.

Nne, pasipopatikana shibiri, weka ngao. Chukua kipande cha aluminiamu kisicho na rangi, ukifunge kwa skrubu kati ya bomba na waya. Acha nafasi ya upana wa kidole upande wa bomba, na nyingine upande wa waya. Nafasi hiyo ndiyo ifanyayo kazi, maana hewa hupita na kuchukua joto. Ngao iliyolala juu ya waya huwa kikaango.

Tano, mahali pabaya zaidi vika waya mfuko wa nyuzi za kioo, au tumia waya wenye ngozi ya silikoni, ambayo huvumilia kadiri ya digrii 180.

Sita, waya uliopasuka ubadilishwe kwa waya wa unene ule ule au zaidi, wala usiuunge karibu na bomba. Moshi unaovuja nao uzibwe kwa gasketi mpya, kwa kuwa waya mpya mbele ya moshi huo utaungua kama wa kwanza.

4. MAKATAZO

Utepe wa umeme si ngao ya moto. Gundi yake huyeyuka na utepe hufunguka. Usivike waya kitambaa, maana hunywa mafuta na kuwa utambi. Usitumie asbestosi ya mashine za zamani, kwa kuwa vumbi lake huharibu mapafu. Wala usiweke msumari au kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi hukatika ili gari lisiungue, na mwenye kuiondoa amemfukuza mlinzi wake.

5. MOTO UKITOKEA

Zima injini na watu wote washuke. Usifungue boneti wazi, maana upepo hulisha moto. Usimwage maji juu ya mafuta yawakayo, kwa kuwa mafuta huelea na moto husambaa. Tumia kizimamoto au mchanga mkavu. Moto ukikushinda, ondoka, kwa maana gari hununuliwa tena.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Sogeza, funga, kisha weka ngao, kwa taratibu hiyo. Kagua nyaya kabla ya msimu wa mavuno na baada ya kila safari ya tope au maji ya chumvi. Ondoa mabua kwenye bomba kila jioni injini ikipoa. Kazi hii haizidi nusu saa, na nusu saa hiyo yaweza kuokoa magunia yote yaliyo juu ya gari.