Wasia kwa Yatima wa Tanga, Kodi ya Uingereza

Mtu wa Tanga aliyelowea London akiandika wasia, aghalabu hutenga chochote kwa ajili ya kwao: kituo cha yatima, madrasa, zahanati ya kijiji. Sheria haimkatazi. Ila akiziandika fedha hizo moja kwa moja kwa jina la kituo kilichoko Tanga, kodi ya mirathi ya Uingereza haizitambui kuwa sadaka. Tangu Aprili 2024, msamaha wa kodi hiyo unayahusu mashirika ya hisani yaliyo chini ya mahakama za Uingereza tu. Ndiyo maana nashauri wasia wa namna hii upitie shirika lililosajiliwa Uingereza ambalo tayari linahudumia watu wa huko nyumbani.

Tupige hesabu. Marehemu hana mwenza wala mtoto, ameacha mali ya pauni 525,000. Pauni 325,000 za mwanzo hazitozwi kitu, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2009. Zinazobaki 200,000 hutozwa asilimia 40, yaani 80,000, na ndugu zake hurithi 445,000. Akiwa ameusia 20,000 moja kwa moja kwa kituo cha Tanga, kodi ni ileile 80,000, na ndugu wanabaki na 425,000. Akiziusia kwa shirika la Uingereza, hizo 20,000 hazitozwi kodi; na kwa kuwa zimefikia asilimia 10 ya zile 200,000, kilichobaki hutozwa asilimia 36. Kodi inashuka hadi 64,800, ndugu wanapata 440,200. Sadaka ya pauni 20,000 imewapunguzia warithi 4,800 tu! Angeusia 19,000, nafuu ya asilimia 36 ingempita.

Kuna atakayesema kwamba nyumba yake iko Tanga, na Tanzania haina kodi ya urithi. Ni kweli haina, lakini tangu 6 Aprili 2025, aliyekuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita huhesabiwa mali yake yote, popote ilipo. Muislamu naye atauliza kuhusu mafungu ya warithi. Wasia usiozidi theluthi unaruhusiwa, na kiasi tunachokizungumzia hakiikaribii theluthi. Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu: nani atahakikisha fedha zinafika? Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu shirika lazima libaki na mamlaka juu ya matumizi, na barua ya kueleza matakwa yako hailifungi kisheria. Basi usichague kwa jina kubwa. Soma hesabu zake za mwaka, ambazo kwa mashirika ya England na Wales hupatikana bure kwenye daftari la msajili, uone limepeleka nini Tanga.

Ukishachagua, mwambie wakili aandike jina kamili la shirika pamoja na namba yake ya usajili. Tia saini mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa wakati mmoja, na kati yao asiwepo mrithi wala mwenza wa mrithi, maana mrithi huyo atapoteza alichoachiwa. Kama mzazi ameshafariki na wasia wake unataja kituo cha nyumbani, muoneni wakili mapema: wanaopokea mali hiyo, kituo chenyewe kikiwemo, wakikubaliana, wana miaka miwili tangu siku ya kifo kuuelekeza upya mgao huo kwa maandishi, na shirika linalopokea lijulishwe.