Saa ya Neno katika siku ya kazi, Njombe na Makambako

Kusoma Biblia kila siku hudumu pale kunapowekewa saa inayojulikana, na saa hiyo huamuliwa na hali ya mahali na kazi ya mtu. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya alfajiri huko si ya mchezo. Mwinjili Marko anaeleza kwamba Yesu alitoka alfajiri kwenda kusali, na wengi hujilaumu wakishindwa kufanya hivyo. Hakuna haja. Kwa familia ya Njombe, saa inayoshika vizuri zaidi ni ya usiku baada ya chakula, watu wakiwa bado wanaota moto. Biblia moja inatosha: mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mtoto aliyeanza kusoma apewe zamu yake. Mvua zinapoanza, karibu na Novemba, watu hurudi kutoka shambani wamechoka hasa. Hapo kipande kipunguzwe, kisiachwe. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu, nayo ni sala kamili.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inaungana hapo na ile ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na reli ya TAZARA inapita mjini. Mwenye duka asome kabla hajafungua, kwa sababu mteja wa kwanza akishaingia, siku si yake tena. Dereva, utingo na abiria wana muda wa kusubiri gari lijae. Humo sura moja inaenea, mradi Biblia ya kwenye simu iwe imepakuliwa mapema na data izimwe.

Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo kuimaliza kwa mwaka kunadai sura tatu au nne kwa siku. Ni mzigo mkubwa kwa anayeanza, na wengi hukwama kwenye Mambo ya Walawi. Injili ya Marko ina sura 16 tu. Kitabu kimoja kilichosomwa mpaka mwisho, polepole, kwa kurudia mstari uliogusa moyo na kuuombea, kinashibisha roho kuliko mistari ya kuokota huku na huku. Kiswahili cha Union Version kikiwa kigumu, Biblia Habari Njema inasomeka kwa wepesi. Aliyekosa siku mbili tatu aendelee alipoishia, asijaribu kulipa sura alizoruka.

Anayesoma peke yake huchoka upesi, kwa hiyo jumuiya ni ya lazima. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikatoliki, mara nyingi hutafakariwa masomo ya Jumapili inayokuja. Walutheri nao hukutana nyumba kwa nyumba. Anayeyapitia masomo hayo nyumbani mapema hufika na swali lake mkononi, na wenzake humsaidia kulijibu.