Dondoo Muhimu: Ultrasaundi ya Miezi Mitatu ya Kwanza

Kipimo hiki huonyesha umri wa mimba, mapigo ya moyo na kama ni mapacha.

1. Andika tarehe hedhi ya mwisho ilipoanza. Wengi hutaja siku damu ilipokata, na hesabu ya wiki huharibika.
2. Uliza mapema kuhusu mkojo: kipimo cha tumboni mara nyingi huhitaji kibofu kilichojaa, cha ukeni kibofu kitupu.
3. Vaa blauzi na sketi, si gauni. Tumbo hupakwa jeli ya baridi.
4. Usikatae kipimo cha ukeni kwa hofu. Hakitoi mimba, na mimba changa huonekana vizuri zaidi.
5. Majimaji ya nyuma ya shingo ya mtoto hupimwa kati ya wiki ya 11 na wiki 13 na siku 6. Usichelewe.
6. Jibu la “uwezekano mkubwa” wa tatizo kwenye kipimo hicho cha shingo si ugonjwa uliothibitishwa. Uliza vipimo vya uhakika kabla ya uamuzi wowote.
7. Mapigo yasipoonekana mimba ikiwa changa sana, rudia kipimo kwa tarehe utakayopangiwa.
8. Usitarajie kuambiwa jinsia, bado mapema.
9. Ukitokwa damu au tumbo likiuma sana, nenda hospitali siku hiyohiyo.