Maganda ya Ndizi na Maji ya Mto

Katika teritwari ya Walungu kiko kilima cha Mukungwe. Huko watu huchimba dhahabu. Kazi ya namna hiyo huchafua maji ya mabondeni, kwa maana mawe husagwa na unga wake huoshwa. Tena mawe ya dhahabu mara nyingine huwa na madini mengine ndani yake, kama shaba na risasi.

Tuseme mama mmoja anachota maji chini ya machimbo, anayachemsha. Mtoto wake auliza, “Mama, moto umeua risasi?”

Mama afanya vema kuchemsha, maana moto huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Lakini risasi haina uhai, itakufaje? Mvuke hupanda juu, risasi hubaki chunguni. Na kwa kuwa maji yamepungua, kila kikombe sasa kina risasi zaidi kuliko kwanza! Macho hayaioni. Maji yaweza kuwa maangavu kabisa.

Risasi hudhuru ubongo, na watoto wadogo huumia kuliko watu wazima. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wapata 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa katika vumbi la mawe ya dhahabu.

Risasi haiuawi, basi ni lazima ikamatwe. Nani ataikamata? Siku ya kutengeneza kasiksi, maganda ya ndizi hutupwa lundo zima. Mwaka 2011 wataalamu wa Brazili walieleza jinsi walivyosaga maganda ya ndizi na kuyajaribu kwa maji ya mto Paraná. Maganda yalikamata risasi na shaba, na yaliweza kutumika tena hata mara 11.

Hushikaje? Chembe za risasi majini zina umeme chanya. Katika ganda mna sehemu ndogo mno zenye umeme hasi. Hasi na chanya huvutana, na risasi hunata pale kama mbegu za porini zinavyonata kwenye nguo. Maganda ya kahawa, magunzi ya mahindi na makapi ya mpunga yamejaribiwa pia, nayo hushika.

Lakini usikimbilie kutia maganda mtungini! Maganda mabichi huoza. Bila kupima kwa vyombo vya wataalamu, hakuna ajuaye risasi iliyobaki ni kiasi gani. Na unga uliokwisha kazi una sumu sasa. Ukimwagwa shambani, risasi huingia udongoni. Mbuzi akiula, humwingia mbuzi. Kwa hiyo yule mama na achote maji kwenye chemchemi iliyo juu ya machimbo, hata kama njia ni ndefu, kisha ayachemshe.

Maswali
1. Kwa nini kuchemsha hakuondoi risasi?
2. Ganda la ndizi hushikaje risasi?
3. Maji ya kwenu hutoka wapi? Je, juu yake kuna machimbo?