Kupima na Kukadiria: Rada, Mvua ya Kimbunga na Lugha ya Tahadhari katika Pwani ya Kwale

1. Utangulizi
Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Afrika Mashariki mwanzoni mwa Mei 2024, wakazi wa pwani ya Kwale, kuanzia Diani hadi Vanga, walitahadharishwa. Tarehe 4 kilifika kisiwani Mafia, Tanzania, kikapungua nguvu. Vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini si vigeni katika upwa huu: Unguja ilipigwa mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Makala haya yanaeleza jinsi rada inavyokadiria mvua ya kimbunga, na yanadai kwamba vitenzi kupima na kukadiria visichanganywe katika tahadhari.

2. Kazi ya rada
Kipimamvua hukusanya maji yenyewe: milimita moja ni lita moja katika kila mita mraba. Rada haigusi maji. Hutuma mawimbi ya redio na kupokea mwangwi unaorudishwa na matone. Kinachopimwa ni nguvu ya mwangwi; kiasi cha mvua hukokotolewa kutokana nayo. Hapo ndipo penye utata. Tone lenye kipenyo cha milimita 2 lina maji mara 8 ya tone la milimita 1, ilhali mwangwi wake ni mara 64. Kwa hiyo matone makubwa machache yaweza kutoa mwangwi sawa na wa matone madogo mengi, ingawa maji yanayofika ardhini hayalingani.

3. Mvua ya kimbunga
Mvua ya kimbunga aghalabu huwa na matone madogo mengi mno. Mwangwi wa desibeli 40 ukifasiriwa kwa kanuni mashuhuri ya Marshall na Palmer hutoa takriban milimita 12 kwa saa. Kwa kanuni ya mvua za kitropiki hutoa takriban 22. Mwangwi ni uleule, majibu yanakaribia kuwa maradufu. Aidha, mwale ulioinuliwa nusu digrii huwa umepaa kiasi cha kilomita 4 ufikapo umbali wa kilomita 200, na yanayotukia chini yake hauyaoni. Ndiyo maana wataalamu hurekebisha makadirio kwa vipimamvua vya ardhini.

4. Umuhimu wake Kwale
Hata hivyo, rada ina faida kubwa. Mto Umba huanzia milima ya Usambara, Tanzania, na kuingia baharini karibu na Vanga. Mvua ya huko yaweza kuleta mafuriko Vanga ilhali kipimamvua cha Msambweni ni kikavu. Rada hutazama eneo pana, wala haizuiwi na mpaka.

5. Suala la lugha
Tuchukue mfano wa kubuni. Sentensi "rada imepima milimita 100" humpa msikilizaji uhakika usiokuwapo. Mvua ikizidi, aliyebaki nyumbani hudhurika. Ikipungua, tahadhari ijayo hupuuzwa. Afadhali kusema: "rada inakadiria milimita 80 hadi 150, kipimamvua kimepima 120."

Huenda ikadaiwa kwamba kukadiria hudhoofisha onyo. Sivyo. Nahodha wa ngalawa hukadiria kusi kabla ya kutweka tanga, na akiona dalili mbaya hurudi bandarini bila kungoja uhakika. Msikilizaji wa aina hiyo anastahili kuambiwa ukweli wa makadirio, kwa Kiswahili kisichomficha kitu.